Sponji Haioshwi kwa Sabuni

...mikono michafu, mwanangu, subiri kidogo, nimemwambia, na kweli ni michafu, imezama kwenye ndoo hadi juu ya viwiko, lakini hiyo si sababu ya kutomwonyesha samaki, taulo liko hapa begani, ningeifuta kwa sekunde mbili tu nikabonyeza kitufe cha video, naye angeona, angehesabu mwenyewe, huyu mmoja, wa pili yuko wapi, mama, na wa tatu... kwa hiyo naendelea kuminya sponji ya chujio, polepole, kama alivyokuwa akiiminya baba yake kila Jumamosi asubuhi, ndani ya maji ya samaki wenyewe, yaliyochotwa humo humo kwenye tangi, si maji ya bomba, si ya moto, bila sabuni, bila chochote, na simu imeegemea kopo la chakula chao mezani, sauti iko juu, "Mama, dakika moja tu, nina hamu nao," anasema binti yangu, na mimi namjibu, "Wapo, mama, wapo, wanacheza," ee Mungu wangu, wanacheza, mdomo huu utanipeleka pabaya, njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia hapa ukutani. Walikuwa wanane. Mzee wangu aliwapa majina yeye mwenyewe, Mkurugenzi kwa sababu ya tumbo, Karani aliyekuwa akimfuata Mkurugenzi kila kona, Bibi Harusi mwenye mkia mrefu wa kujiburura, mapacha wawili nisiowatofautisha mpaka leo, wale wengine wawili wagomvi, na Mtoro, anayejificha nyuma ya bomba la chujio ukiingia chumbani, hata ukiwa na chakula mkononi, na unaweza kudhani hayupo, na sasa ndiye pekee aliyepo, wengine nimewazika nje kando ya ukuta ndani ya kopo la maziwa, na kila Jumamosi binti anapopiga simu nawataja wote kwa majina, Karani hajambo, Mkurugenzi anazidi kunenepa, nanenepesha maiti... "Unasemaje, mama, sikukusikia," "Nasema mtandao wa leo mbaya," nasema, na mtandao wala hauna kosa.

Miaka thelathini na moja nimekuwa dobi wa hospitali, shuka za wodi ya wazazi, shuka za majeruhi, damu, dawa, na mengine hayasemeki watu wakila, na zote zilitoka mikononi mwangu zinaumiza macho kwa weupe, matroni mmoja alikuwa akisema shuka zangu zinamtia mgonjwa aibu ya kuugua, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kochi kila Jumamosi akimtazama mumewe anaminya li-sponji jeusi, lenye utelezi, ndani ya ndoo ya maji machafu, kisha analirudisha! analirudisha hivyo hivyo! "Wewe baba, unaosha uchafu kwa uchafu," naye anacheka, kile kicheko chake cha puani, "Dobi, hapa huna kazi, ukiwasafishia hawa mpaka unavyotaka wewe utawaua," na mimi nikaona ni uvivu uliovikwa maneno matamu, maana fundi baiskeli yule, mikono yake ilikuwa na grisi hata siku ya harusi yetu, nililala na harufu ya grisi na pipi za tangawizi kwa miaka yote hiyo, nikilalamika kila usiku, na sasa ni wiki ya kumi sina cha kulalamikia... alianguka akifunga kamba za viatu, asubuhi tu, kiatu kimoja kimefungwa, kimoja hakijafungwa. Sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu, wifi yangu alilisema hilo jikoni akidhani niko uani, na kweli nilikuwa uani, nafua, na uani si ng'ambo ya bahari, nilisikia. Siku ya tatu baada ya mazishi nilivua foronya zote, shuka, kofia zake, mashati, na lile koti la kahawia alilokuwa akilivaa kazini, nikavichemsha, nikavisugua, nikavianika, na binti akaamka akazunguka nyumba nzima akitafuta kitu bila kukitaja, akatoka nje, akalikuta koti kwenye kamba linachuruzika, akaweka uso wake humo ndani, na najua alinusa nini, alinusa sabuni, sabuni yangu, akaniambia, "Mama, hata wiki moja hukuweza?" Basi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akaondoka keshokutwa yake, na tangu siku hiyo hatuna mazungumzo mengine, ni samaki tu, samaki hawajambo, wanakula, umewabadilishia maji, kwa sababu samaki ndio kitu pekee cha baba yake ambacho sikukitia kwenye beseni... alivyodhani yeye.

Maana alipoondoka nyumba ilikuwa kimya mno, chujio tu linanguruma, nikalifungua nikaona ile sponji, nyeusi, nikasema leo nimekupata. Niliiloweka kwenye maji ya moto na dawa ya madoa, ile ile ya hospitali, saa nzima, nikaisuuza mpaka ikawa kama imetoka dukani leo, nilijisifu, tena nilijisifu kwa sauti, "Umeona, mzee?" na siku ya tatu maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele, Bibi Harusi yuko juu anahema, mdomo nje, siku ya tano Mkurugenzi kageuka tumbo juu, na Karani akamfuata huko huko kama kawaida yake. Nilikwenda kwa yule mama anayeuza samaki wa mapambo, mwenye miwani iliyofungwa na uzi, nikamwambia nipe saba wa kufanana na hawa, nimewaandika hapa rangi zao, naye akanitazama juu ya miwani, "Waliokufa uliwafanya nini?" nikamweleza, akaguna, "Mama, hukuosha uchafu, umeua. Mle kuna vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi chao, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vinawaweka hai. Hata maji ya bomba yana dawa, vinakufa. Minya tu kwenye maji yao, basi. Na samaki sikuuzii, nitakuwa nauzia kaburi. Subiri virudi." Nikamuuliza vitarudi lini, akasema vinarudi vyenyewe, sponji ikichafuka tena utajua, ila vikiharakishwa havisikii. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na nimelia kweli, si kwa mzee, kwa mzee machozi yaligoma, nimelia kwa samaki, kila Jumamosi nikiminya sponji na maji yanatoka safi, mimi dobi wa miaka thelathini na moja naogopa maji safi, wiki ya kwanza safi, ya tatu safi, ya tano...

Lakini haya nini? Haya kwenye ndoo, kati ya vidole vyangu, nimeongea na kuongea wala sikutazama, nimeminya tena, na linatoka wingu, kahawia, zito, kama chai iliyochemka sana, linazunguka mikono yangu, na sponji ina utelezi, ule ule niliokuwa nikiuonea kinyaa, na mdomo umenitangulia, "Vimerudi!" "Nini vimerudi, mama?" Na furaha hii sina wa kumpa, ambaye angeielewa yuko chini ya udongo, na huyu mwingine yuko mezani ndani ya simu, na siwezi kumwambia vimerudi bila kumwambia viliondokaje. Nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili. Nimechoka. "Mwanangu, amebaki Mtoro," nasema, "wengine nimewaua mimi, kwa dawa ya madoa, sasa wiki nane, nimekudanganya," na maneno yanatoka yenyewe, "na koti nalo, nilijua unalitafuta, niliogopa kulinusa, niliogopa nikilinusa nitaanguka na hakuna wa kuniokota, ndiyo maana." Sasa atakata. Nasikiliza ule mlio wa kukatwa, sponji mkononi, maji yanadondoka... hausikiki, inasikika pumzi, kisha kilio, cha mtoto kabisa, cha kwikwi, na mimi maisha yangu yote huyu akilia nilikuwa nikikimbilia kitambaa, nimfute haraka, nyamaza, nyamaza mama, uso safi, leo sisemi nyamaza, mikono imo ndoani, na machozi yangu yanaingia humo humo, na mzee wangu amekufa, amekufa kweli, na kwenye kioo cha simu dakika zinahesabika, kumi na nane, kumi na tisa, na hakuna aliyekata.