Usiingie, Mfalme!

Vumbi! Vumbi jepesi la kiwanja cha mungu Dionisio, latimuliwa na miguu ya wanaume kumi na watano. Umande haujakauka, na tayari Athene yote imepanda kilimani, imekaa kwenye mbao, inatafuna tini, inagombania nafasi. Wacha wee! Siku ya tamthilia ni siku ya tamthilia.

Ndani ya vumbi hilo yumo Filagro, fundi viatu wa miaka thelathini. Leo ni mzee wa ndevu nyeupe, kwa kuwa kwaya yote imevaa vinyago vya wazee. Hajawahi kuimba kwaya mbele ya watu.

Kabla hawajatoka, Mnesilo mtunzi aliwakusanya, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wazee wangu, nimeshindwa mashindanoni miaka miwili mfululizo. Leo wakinizomea, narudi kwetu kuchunga mbuzi. Imbeni, chezeni, lieni. Lakini mfalme akielekea mlangoni, mtu asimzuie! Kwaya huona, kwaya haizuii. Filagro, umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Hujasikia. Wewe una sura ya kuamua ugomvi wa majirani."

Wenzake wakacheka, na yeye akacheka.

Basi wakaimba. Wakaimba habari za mfalme Alkandro, aliyetabiriwa kuwa atauawa kwa mkono wa nduguye. Mwenye nguvu akafanya nini? Akamfukuza nduguye, mtoto asiye na kosa, akalale njaa nchi za watu. Mtoto akakua, na chuki ikakua naye. Leo amerudi kwa siri, yumo ndani ya jumba, kisu mkononi. Wazee wanajua. Mfalme mwenyewe ameonywa, akacheka.

Usiingie, mfalme, unasema moyo wa Filagro. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Usiingie, mfalme.

Tazama anavyotembea! Ni Kleitia huyo, mwigizaji, ambaye jana tu alikuwa akitukanana na muuza samaki sokoni. Leo joho linabururika nyuma yake, na ni mfalme mpaka kwenye kucha. Anapanda. Anafika mlangoni. Ananyoosha mkono.

Na Filagro, maskini, akasahau yote. Akachomoka mstarini, akapaza sauti:

"Usiingie, mfalme! Yumo ndani, nakuapia yumo! Rudi, baba, rudi!"

Lo! Hayo hayamo katika utunzi. Filimbi ikakatika. Kicheko kikatoka juu, tini ikaruka, na visigino vikaanza kugonga mbao. Athene ukisikia visigino, ujue mtunzi kwisha habari yake.

"We mzee, jana ulikunywa nini?" mtu akapiga kelele.

Mnesilo akajifunika uso kwa mikono miwili. Filagro akaona ameua mtu, na si mfalme.

Ndipo Kleitia akageuka. Hakuwa na haraka.

"Mzee," akasema, na sauti ikapanda mpaka safu ya mwisho, "nani amenishika mkono? Unamwona mungu hapa akinivuta? Nilimfukuza mimi. Mlango niliomfungia mimi, nitaufungua mimi. Nipishe."

Visigino vikanyamaza.

Jamani! Majira yote ya baridi, mazoezini, Filagro alimhurumia mfalme huyu kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Kumbe hapana kamba! Kumbe mtu huambiwa majaliwa yake, akayasikia vizuri, akayaendea kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyo na hajui kuwa vingine. Hofu na furaha vikampanda pamoja. Angeweza kusimama pale pale. Angeweza kumshika joho.

Akampisha.

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Halafu ukelele, mmoja tu, mrefu.

Kilima kizima kikasimama bila kuambiwa. Mnesilo akashusha mikono usoni, akatazama. Kiongozi wa kwaya alikuwa amepotewa na maneno, mpiga filimbi hakujua aanzie wapi, na wote wakabaki wanangoja maombolezo. Yakatoka kwa Filagro. Aliyaanza peke yake, akilia machozi ya kweli ndani ya kinyago, kwa kuwa wengine wote walikuwa wameona tu, na yeye ndiye aliyempisha.