Sarafu ya Perth

Jumamosi moja baada ya kifungua kinywa, Clem Trevaskis alitandika kitambaa cha kijani kwenye meza ya sebuleni, nyumbani kwake Kalgoorlie, mji wa machimbo ya dhahabu huko Australia, akapanga sarafu zake za dhahabu. Zote zilikuwa na sura ya Malkia Viktoria. Zilizotengenezwa London hazikuwa na herufi. Za Sydney zilikuwa na S ndogo, za Melbourne M. Nafasi ya P, yaani Perth, ilikaa tupu miaka mingi, mpaka shangazi yake alipofariki na kumwachia moja iliyokuwa ya babu yake, Jabez. Humo Malkia alikuwa mzee, na shela kichwani.

Clem aliiweka mahali pake. Mchana, mkewe Noreen akiwa anakata nyama baridi, wapanda farasi watatu waliingia kwa mlango wa jikoni, wakapita kando ya friji mpaka sebuleni. Juu ya zulia palikuwa pametokea shimo la maji mwambani, na hapo walikuwa wameinama mzee, wanawake wawili na mtoto wa kike, Wawongatha, wenyewe wa nchi ile. Wapanda farasi wakafyatua bunduki. Mwanamke mmoja alianguka kifudifudi majini. Wa pili alipigwa risasi ya shingo, akajaribu kuiziba damu kwa kiganja. Mzee hakufa upesi, basi mmoja wao akashuka, akamponda kichwa kwa kitako cha bunduki, taratibu, kama mtu anayeshindilia nguzo ya ua. Mpigaji huyo alikuwa Jabez, ambaye picha yake ilining'inia ukutani. Kisha wakanywesha farasi wao, wakaenda zao.

Maiti zilififia kabla ya chai ya jioni. Damu ilibaki.

"Maji baridi na chumvi," Noreen alisema. "Ukitia ya moto, haitoki tena."

Jumamosi iliyofuata wakaja tena, na iliyofuata pia. Safari hiyo Clem alisimama mbele ya mzee, akamwomba babu yake aache. Jabez alimtandika mdomoni kwa kitako cha bunduki. Daktari wa meno alimtoa vipande vya meno, akauliza kama huyo babu alikuwa wa upande wa baba au wa mama.

Jirani yao Dulcie, muuguzi mstaafu, mwenyewe Mwongatha, alisikia milio, akaja kutazama. Alimwona mtoto akitambaa kujificha nyuma ya kabati la vyombo, kidogo kabla Jabez hajashuka kwenye farasi.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Alitusimulia haya mpaka anakufa. Shuleni tukaambiwa bibi yetu anaota."

Akamtaka Clem aende kwa madiwani, maana bustani ya mjini ilikuwa na jina la Jabez, na kibao kilichosema ndiye aliyegundua maji. Clem alikwenda, akasema yote. Madiwani walikuja Jumamosi, wakakaa kwenye sofa na sahani za keki mapajani. Walitazama mwanzo mpaka mwisho. Mmoja aliinua miguu damu isimfikie viatu. Walimshukuru Noreen kwa keki, wakaisifu sarafu, na kikaoni wakaamua kibao kipakwe rangi upya, kwa kuwa maandishi yamechakaa.

Dulcie alirudi kwa Clem.

"Basi nipe hiyo sarafu nikaizike kule kwenye shimo lenyewe. Hawa watu wapumzike."

Clem aliifunika ile ya P kwa kiganja. "Bi Dulcie, chukua nyingine yoyote. Chukua ya Sydney."

"Ya Sydney haikumwaga damu ya watu wangu."

"Nikiitoa P, seti inavunjika."

Dulcie alimtazama mdomo. "Hata meno yako yamevunjika, Clem."

Clem alisema atafikiri.

Siku hizi Jumamosi wanandoa hao hula barazani. Dulcie huingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, hujilaza sakafuni kando ya kabati, na kumziba mtoto masikio kwa viganja vyake. Noreen huongeza sauti ya redio. Bunduki zikinyamaza, Clem hujifuta midomo, huingia ndani akiruka damu, na kumpangusa Malkia kwa pamba.