Vizibo vya Machozi

Tone la kwanza lilidondoka kwenye kola kabla hajamaliza kona ya pili. Aliliona likitanuka juu ya kitambaa cheupe, akaliwahi kwa kipande cha nguo alichokuwa amekining'iniza shingoni, lakini kitambaa kilikuwa kimeshalinywa. Akaichomeka kola ile chini kabisa ya furushi, mahali ambapo mkaguzi angeifikia mwisho, akachukua nyingine.

Kiwandani walimwita Machozi. Jina lilianza kama utani wa wanawake wa mstari wake, watu wanaoshona mashati meupe ya ofisini kutwa nzima na wasio na cha kuchekea ila wao kwa wao. Yeye alikuwa mshona kola. Mkono wa shati ukipinda kidogo hakuna anayejua, lakini kola ikipinda, kila anayemtazama mvaaji usoni anaiona. Alizishona vizuri kuliko mtu yeyote pale, na ni kwa sababu hiyo tu alikuwa bado ana kiti.

Macho yalimchoma. Asubuhi yaliamka na mchanga ambao haukuwemo, akifika kazini yamekwisha kuwa mekundu, na feni ikishawashwa yanaanza kumwaga. Feni yenyewe ilikuwa kubwa, ya kusimama, imeelekezwa kwenye nyuso za washonaji. Haikuwekwa pale kwa ajili ya joto. Kazi yake ilikuwa kupeperusha vumbi la pamba lisitue juu ya mashati, na vumbi likipeperushwa lazima litue mahali. Shati lenye vumbi hurudishwa na mteja. Mshonaji mwenye vumbi hurudi nyumbani kwake, hakuna anayeuliza.

Msimamizi walimwita Pasi, kwa jinsi alivyopenda kumkandamiza mtu mpaka anyooke. Alikuwa na kawaida ya kupepesa jicho la kushoto, hata washonaji wapya wakadhani anawakonyeza. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya cherehani ya Machozi, kola mbili zenye madoa mkononi.

"Hii nini?"

"Ni macho, bosi. Ndiyo maana nimeomba ruhusa niende hospitali."

"Mteja ananunua shati, hanunui msiba wako." Akazitupa mezani. "Ukirudi utakaa meza ya kukata nyuzi. Hapa namweka mwingine."

Meza ya kukata nyuzi ilikuwa kule nyuma, karibu na vyoo. Kazi yake ni ya kusimama, na ujira wake mwembamba. Hakuna aliyewahi kupelekwa kule akarudi kwenye cherehani. Machozi aliinuka na kuzima mashine, na safari hii hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama kinachomtoka ni macho au uchungu.

"Nenda mama," alinong'ona Bibi Sindano, mshonaji mkongwe wa kiti cha jirani. "Kiti tutakuangalizia."

Getini alimkuta dada yake mkubwa, mpishi wa shule, kavaa viatu vyake vya kwendea mahali pa maana. Dada huyu alikuwa na la kujibu. Kwa miezi mingi alimwona mdogo wake anatiririka machozi asubuhi na jioni, akahitimisha kuwa mume anamtesa. Akaita kikao. Mume, fundi viatu mpole asiyemkemea hata paka, akakalishwa mbele ya wakwe akiulizwa kamfanya nini binti yao. Akaapa kwamba hajamfanya kitu. Na wakati anaapa, mkewe yuko pembeni yanamchuruzika mpaka kidevuni. Mtu yeyote angemhukumu.

Kilichomfungua dada macho ni safari. Mume alikwenda kwao kumuuguza mama yake, akakaa huko wiki nzima. Dada akaja kulala kwa mdogo wake, akaona mume hayupo na machozi yapo.

Hospitalini waliinamia dirisha la karani. Karani hakuinua kichwa, aliinua kalamu tu.

"Analia nini?"

"Halii. Anaumwa macho."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ni mume. Wanaolia wanaanzia chumba cha ushauri, kushoto."

Machozi alikijua chumba hicho. Kila alipokuja kutibiwa macho alipelekwa humo, na mshauri, mama mwenye huruma kweli, akampa karatasi ya kujifutia iliyokwaruza kama msasa na kumsihi asamehe. Asamehe nini, hakujua. Akawa anarudi nyumbani na kununua dawa ya matone dukani, ambayo ilipanda bei kila alipoirudia, mpaka akawa anajaribu kuligawa tone moja kwa macho mawili.

Dada aliweka viwiko vyote viwili dirishani.

"Mwanangu, nisikilize. Shemeji yangu alisafiri wiki nzima na machozi hayakwenda naye. Andika macho."

Foleni nyuma yao ikacheka. Karani aliandika macho.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuchoka. Alimtia Machozi tone la ganzi, akampachika ukanda mdogo wa karatasi kwenye ukope wa chini wa kila jicho, akamwambia atulie. Alipozichomoa, kanda zote mbili zilikuwa zimelowa ncha tu.

"Macho yako ni makavu."

Dada aliruka. "Daktari! Mdogo wangu ana haya zake, hatukumlea hivyo!"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Makavu kwa maana ya kukosa maji, mama. Sijamtukana mtu."

"Makavu? Na haya yanayomwagika kutwa ni uji?"

"Sikilizeni. Jicho lina machozi yake ya kawaida ya kulilainisha. Yake ni machache, na yanakauka upesi. Likikauka linaungua, na likiungua linamwaga maji mengi kwa mkupuo, kama mtu anayerusha ndoo kwenye moto. Maji hayo hayakai. Yanamwagika shavuni, na jicho linabaki kavu vilevile." Akagusa kona ya jicho lake mwenyewe, karibu na pua. "Hapa kila ukope una kitundu. Machozi hupitia humo yakaenda puani, ndiyo maana mtu akilia na pua nayo inalia. Nataka nikuzibie vitundu vya chini. Hayo machache uliyo nayo yabaki jichoni yafanye kazi."

Machozi alijifuta kidevu. "Daktari, mimi nalowesha kola za watu. Wewe unataka kuziba mfereji. Nikifurika je?"

"Yanaweza kuzidi siku za mwanzo. Yakikusumbua, natoa. Ni vizibo laini, vidogo kama ncha ya kalamu. Hakuna kisu wala uzi."

Machozi alimtazama dada yake. Siku za mwanzo! Yeye siku yake ya mwanzo ilikuwa leo, saa chache zijazo, mbele ya Pasi. Alikusudia kukiomba tena kiti chake; akifurika leo, jioni atakuwa anakata nyuzi karibu na vyoo. Lakini asipozibwa atalowesha kola leo, kesho na keshokutwa. Aliogopa sana, akalaza kichwa kwenye kiti.

"Ziba," alisema.

Aliona mwanga, akaona kibanio chembamba kikija, akahisi kitu kama kubanwa na ukucha wa mtoto. Halafu upande wa pili.

"Tayari."

"Tayari kuanza?"

"Tayari tumemaliza. Usifikiche macho, na matone usiache. Unafanya kazi wapi?"

Machozi alieleza kiwanda, mashati na feni. Daktari aliacha kuandika.

"Wewe si wa kwanza kutoka huko," alisema, na sasa sauti haikuwa ya kuchoka, ilikuwa ya hasira. "Nimewaambia watu wote wa kiwanda hicho hayahaya. Kizibo kinazuia machozi yasiende puani. Hakizuii feni. Ningekuwa na kizibo cha feni ningekupa."

Njiani walipitia kibanda cha fundi viatu. Alipomwona shemeji yake amevaa vile viatu vya mahali pa maana, fundi alisimama wima, kiatu cha mteja mkononi kama ngao.

"Shemeji, kaa," alisema dada. "Nimekuja kuomba radhi. Kumbe ni macho yake yamekauka."

"Yamekauka?" Fundi alimtazama mkewe, mashavu yake yamelowa.

"Daktari kasema."

Fundi akaketi polepole. "Nimeapa mbele ya ukoo mzima. Basi kikao kiitwe tena. Kilekile, watu walewale, ila mimi nikae kiti cha heshima."

"Kitaitwa. Na chakula juu yangu."

"Na nyama iwemo."

"Iwemo, shemeji."

Machozi aliwaacha wakipatana kuhusu nyama. Alipofika kiwandani alikuta binti mgeni kwenye kiti chake, kazungukwa na kola zilizopinda, naye nusura alie. Bibi Sindano alimtazama kwa jicho la kusema tumejitahidi. Pasi alikuwa hapohapo, akitazama saa, maana mzigo ule ulitakiwa kutoka jioni hiyo.

"Bosi, nipe furushi moja," Machozi alisema. "Likipatikana doa nitakwenda mwenyewe kule nyuma, hutanisukuma."

Pasi alizitazama kola zilizopinda. "Furushi moja."

"Na feni igeuzwe."

"Feni haigeuzwi. Unataka mashati yajae vumbi?" Akaondoka kwenda ofisini.

Binti alimpisha kwa furaha. Machozi aliketi, akatia uzi, na uzi ukapita tundu la sindano mara ya kwanza. Alishangaa. Akashona kola moja, ya pili, ya tatu, na mshono aliuona wazi, tundu kwa tundu, badala ya ule ukungu aliouzoea. Moyo ulimpiga kwa furaha hata akaogopa kuiamini.

Kisha akausikia moto wa macho ukianza. Upepo ulikuwa unamlamba usoni palepale pa siku zote, na alijua kinachofuata. Aliinyanyua kola mbali na kidevu. Aliitazama feni. Akazima cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya katika mstari ule ila kwa kengele, akatembea mpaka mbele, akaishika feni kichwa na kuigeuzia ukutani.

Cherehani zote zikapunguza mwendo. Vumbi la pamba, lililozoea kufukuzwa, lilianza kutua taratibu juu ya weupe. Machozi alirudi kitini, akawasha cherehani.

Bibi Sindano alivuta mtoto wa meza, akatoa brashi yake ya kufagilia mashine, akapiga kola yake mara mbili na kupuliza. "Mimi nilikuwepo kabla ya feni," alisema kwa sauti. "Tulikuwa tunapiga brashi." Wa nyuma yake akatoa yake. Punde mstari mzima ulikuwa unashona, unapiga brashi, unashona, na mmoja akaanza kuhesabia mapigo kwa ulimi kama anayepiga ngoma.

Pasi aliporudi, furushi lilikuwa limefungwa. Alitazama feni, akatazama ukuta.

"Nani kageuza?"

"Mimi, bosi." Machozi akamkabidhi furushi.

Pasi alilipeleka dirishani, akafungua kola moja moja. Alizigeuza, akazipuliza, akazikwaruza kwa ukucha. Hakuna doa, hakuna vumbi. Alibaki ameinama juu ya ile ya mwisho, jicho la kushoto likipepesa, likapepesa tena, na tone likamtoka likadondoka katikati ya kola, likatanuka.

Hakuna aliyecheka. Bibi Sindano alimnyooshea kipande cha nguo.

"Doa limepatikana, bosi. Ila safari hii si lake."

Pasi alijifuta. Halafu akaja mpaka kwenye cherehani ya Machozi na kuinama kama anayekagua mshono.

"Huyo daktari wako," alisema chinichini. "Yuko mlango upi?"

"Wa mwisho kulia. Lakini pale dirishani kwa karani, bosi, shikilia kuwa ni macho. La sivyo watakupeleka chumba cha kushoto ukamsamehe mkeo."

Pasi aliitika kwa kichwa. Alipita mbele ya feni, akasita, akapeleka mkono kama anayetaka kuigeuza. Kisha akaurudisha mkono mfukoni, akaenda kumwonyesha yule binti mgeni mahali pa brashi.