Bluu Iliyorudi Kabatini

Kitu cha kwanza Nyanjige kukiona kilikuwa kitambaa chake. Alifuta tone la bluu mezani kwa maji ya sabuni, kitambaa kikageuka rangi ya kutu. Bluu haikurudi tena, hata alipokiweka kabatini gizani siku tatu, tofauti na matone yaliyopaushwa na jua tu.

Alikuwa mfanya usafi wa maabara ya chuo, Bariadi mjini. Bluu ile ilikuwa ya Januarius, mtafiti: chembe za chuma na sianidi, ndogo kuliko vumbi, zilizojipanga kama matofali ukutani. Alizipaka kwenye vioo, kisha akapeleka baadhi kupimwa kama mwanga unabadilisha usumaku wa chembe hizo.

Jumatatu vioo viwili vya dirishani vilikutwa vimepauka.

"Umeviosha," Januarius akasema.

"Sijaviosha, mwalimu."

"Kwa hiyo vimejipausha vyenyewe? Dada, wewe hata kibandiko husomi."

Specioza, mkuu wa maabara, akasukuma karatasi na kidau cha wino. Karatasi ilisema Nyanjige amekiri. "Weka dole gumba, mayu, mama yangu, yaishe. Tutakutafutia kazi jikoni."

Nyanjige, ambaye hata salamu ya asubuhi, "mwangaluka", aliitikia akitazama sakafu, akaficha mikono mgongoni.

"Siweki."

"Unasemaje?"

"Sabuni inaleta kutu. Hivi vimepauka tu. Pazia lilitolewa Ijumaa kufuliwa, jua likavipiga siku zote hizo. Vifungieni kabatini. Kesho visiporudi bluu, naondoka mwenyewe. Lakini dole siweki."

Januarius akacheka. "Profesa wa ufagio!"

"Ufunguo ukae kwa mama Specioza," Nyanjige akasema. "Usikae kwako."

Kesho yake Specioza akafungua kabati. Kioo cha kwanza kilikuwa bluu kama sketi ya shule. Cha pili vilevile. Januarius akavinusa akitafuta sabuni, akavigeuza, akakaa kwenye kiti.

"Ni jua," akasema taratibu. "Basi hata vile nilivyopeleka kupimwa, vilivyokaushwa hapo dirishani, vilikuwa vimeshapigwa na mwanga. Vipimo vyake havifai." Hakucheka tena.

Specioza akaichana karatasi vipande vinne. "Umejuaje, mayu, na shule ilikushinda?"

Nyanjige akamtazama usoni.

"Haikunishinda. Darasa la tano nilikuwa wa kwanza. Baba alinitoa nikachunge ng'ombe wake, na mpaka leo sijamsamehe."