Breki ya Gurudumu la Kulia

Harufu ndiyo iliyowasimamisha. Walikuwa wametoka hospitali, Ijumaa saa sita mchana, mama amelaza kichwa kwenye kiti kwa uchovu, na binti yake, mshonaji wa mapazia, analibembeleza gari lipande mlima kwa gia ya pili kana kwamba limebeba mawe.

"Kuna kitu kinaungua," mama alisema bila kufumbua macho.

Mshonaji akaegesha pembeni, akashuka, akasogeza kiganja kwenye gurudumu la mbele la kulia. Joto lilimpokea kabla hajaligusa. La kushoto lilikuwa vuguvugu tu. Safari iliyobaki waliimaliza kwa mwendo wa kinyonga.

Gari lile halikuwa la anasa. Kila Jumanne na Ijumaa mama alilazwa kwa muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilikuwa zimegoma. Akitoka hapo hana nguvu hata ya kusimama kusubiri usafiri. Mwezi uliopita gari lao lilikuwa limelala bila betri, wakaahidiwa la kukodi, nalo halikutokea. Mama akakosa zamu yake ya mashine, akavimba miguu, pumzi zikawa za kuhesabu. Tangu siku hiyo mshonaji alijiapiza kwamba jambo hilo halitatokea tena akiwa hai.

Jumamosi asubuhi fundi wa mtaani alilizungusha gurudumu kwa mkono, likagoma.

"Kalipa imeganda," alisema. "Ni hiki chuma kinachobana diski ukikanyaga breki. Kubana kinabana, kuachia ndiyo hakiachii. Mimi sizifungui hizi, dada. Nabadilisha nzima."

Kalipa nzima ya gari la umri ule haikupatikana duka lolote. Kuagiza kungechukua wiki tatu. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alipopigiwa simu alishauri hilo kopo liuzwe chuma chakavu.

"Nimekusikia, shemeji," alijibu, akakata simu, akaingia duka la mwisho.

Mwuza spea wa hapo alikuwa mzee mwenye miwani iliyounganishwa kwa waya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapotea nyuma ya rafu, akarudi na kipakiti chenye pete nene ya mpira na kifuniko chake cha kuzuia vumbi.

"Nzima sina, binti yangu. Raba zake ninazo. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukuma pistoni, na hii pete inajikunja kidogo. Ukiachia, pete inajinyoosha na kuivuta pistoni irudi. Sasa kutu ikijaa kwenye mfereji inamokaa, pete inabanwa. Pistoni hairudi tena."

Mshonaji alielewa papo hapo. Miaka kumi na tisa alikuwa akihangaika na lastiki.

"Nani atakufungia?"

"Mimi."

Mzee aliitazama mikono ya mshonaji, vidole vilivyojaa alama za sindano, akasukuma kalamu na karatasi mezani. "Basi andika. Petroli usiiguse, inaharibu raba. Osha kwa mafuta ya breki mapya. Bisibisi isiingie kwenye mfereji, utauchimba. Ukimaliza, mtu anayejua aangalie kabla hujambeba mtu. Na chukua vipakiti viwili. Cha kwanza huwa cha kujifunzia."

Jumapili aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine. Bolti mbili za kalipa zilikuwa zimeshikana na kutu. Alichomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, akalikalia kwa uzito wake wote. Ya kwanza ililia kama mlango mbovu, ikaachia. Ya pili ilimlaza chali kwanza, kisha nayo ikaachia.

Ili pistoni itoke, ilibidi mtu akanyage pedali wakati yeye ameshika beseni. Alikuwa bado anawaza amwite nani, mama akatokea mlangoni akijishikiza ukutani.

"Mama, rudi ukalale."

"Nimelala tangu juzi." Akajivuta mpaka kwenye gari, akaketi nyuma ya usukani, akashusha pumzi. "Baba yako alikuwa dereva wa malori miaka thelathini. Hakuniruhusu kugusa hata honi. Leo nimepewa breki."

Wakacheka wote wawili. Mama akakanyaga pole pole, pistoni ikasogea, ikasogea tena, ikaangukia kwenye beseni pamoja na mafuta yake.

Ilikuwa na kutu kwenye mdomo tu. Pale inaposugua pete palikuwa safi, na mshonaji alishukuru kimoyomoyo. Akaitakatisha kwa msasa laini na maji, akaikausha. Kilichokula siku ni mfereji. Ulikuwa umejaa uchafu wa kahawia, mgumu kama chokaa. Alichonga vijiti vya mwanzi, akawa anakwangua, kijiti kikivunjika anachonga kingine, mpaka kucha yake ikazunguka mfereji wote bila kukwama. Alasiri alipachika pete mpya, akasukuma pistoni ndani, ikaingia kwa shida, akafunga kila kitu, mama akakanyaga.

Tone moja la mafuta likachungulia chini ya kalipa. Likafuatwa na lingine.

Alikaa chini kwenye saruji, miguu amenyoosha. Kisha mshonaji akachukua spana akafungua upya. Pete ilikuwa imekatika ukingoni. Aliisukuma pistoni ikiwa imeinama, kwa haraka ya kutaka kumaliza. Kosa lilikuwa lake, na hilo lilimpa nguvu, maana kosa lake angeweza kulirekebisha.

Jumatatu aliwapigia simu wateja wawili wa mapazia kuwaomba radhi, akafungua kipakiti cha pili. Safari hii aliilowesha pete kwenye mafuta ya breki, akaizungushia kidole kuhakikisha haijajipinda, akaiweka pistoni wima kabisa. Alikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili, nguvu sawa kushoto na kulia. Ilizama taratibu, laini, kama kifungo kinavyopita kwenye tundu lake.

Ilibaki kutoa upepo kwenye mafuta.

"Kanyaga, shikilia." Akalegeza kiskrubu juu ya kalipa, mafuta yakatoka na mapovu kupitia kijipaipu. Akakaza. "Achia."

Mara ya nane mguu wa mama ulianza kutetemeka.

"Tupumzike, Mama."

"Mapovu yameisha?"

"Bado."

"Sasa unapumzika nini? Sema kanyaga."

Mara ya kumi na nne mafuta yalitoka matupu. Pedali ikawa ngumu. Mama akaikandamiza dakika nzima, na chini ya kalipa hapakuonekana hata unyevu.

Jioni fundi wa mtaani alikuja. Akavuta mpira unaoleta mafuta ya breki, akamulika kila kiungo, akaliendesha gari mwenyewe mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akishika breki mara kwa mara. Aliposhuka aligusa gurudumu la kulia, kisha la kushoto.

"Yanafanana," alisema. "Huyo aliyekufungia anapatikana wapi? Nina mteja mwenye shida kama hii."

"Anashona mapazia," mama alijibu kutoka dirishani. "Foleni yake ndefu."

Jumanne saa moja asubuhi walikuwa mlangoni mwa hospitali, robo saa kabla ya zamu yao. Nesi alimpima mama uzito, akaandika, akamwuliza kwa nini paja la kulia linamwuma. Mama akamweleza habari yote tangu mwanzo, na kila alipofika kwenye pedali, idadi ya mara alizokanyaga iliongezeka.