Hatua ya Tano

Hakuna kitu kilichompandisha mkutubi mori kama mtu kukisifia kitabu ambacho hajakisoma. Miaka kumi na minne ya kazi ilikuwa imemfundisha kuzitambua dalili. Kitabu kilichosomwa hurudi kimelegea jalada, pembe zimekunjika, mahali fulani pana tone la chai au unyoya wa mto. Lakini kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha maktaba, alikaa na kuwasikiliza wanachama wa kikundi cha wasomaji wakitoa maoni, nusura walie, juu ya vitabu vilivyorudi vipya kuliko vilivyoondoka.

Kinyozi, kwa mfano. Alikuwa ameazima kitabu cha kufuga nyuki mara tatu, na mara zote tatu akasema kina mafunzo ambayo kila nyumba inayahitaji. Huyu ni mtu ambaye inzi akiingia kibandani kwake huacha kichwa cha mteja nusu na kukimbilia nje. Nesi wa zahanati yeye alipenda vitabu vya kutia moyo, na maoni yake yalikuwa neno moja: "Kimenigusa." Kimemgusa wapi, hakuna aliyewahi kujua. Na mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, waliyempa jina la Kwa Kifupi, alianza kila hotuba kwa maneno hayo na kuimaliza chai ikiwa imepoa.

Kwa Kifupi ndiye aliyetunga kanuni, akaiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika karibu na mlango: ANAYETOA MAONI BILA KUSOMA HAPIGI KURA, NA ANAOSHA VIKOMBE. Kanuni ilikuwa na umri wa miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili hakuna mwanachama hata mmoja aliyeosha kikombe. Aliyeviosha ni mkutubi, kwa sababu yeye ndiye katibu, na kwa sababu vikombe havijioshi. Aliviosha akisonya, akivigonganisha makusudi ili wasikie. Hawakusikia.

Mwanachama mmoja tu alisoma kweli, naye hakuna aliyemhesabu. Alikuwa mama mkwe wake mkutubi, ambaye wote walimwita Bibi. Kila Jumamosi alikuja na kitabu cha watoto kwenye mkoba, akisema anawasomea wajukuu. Zamu yake ikifika alisimulia hadithi yote, tangu kobe alipotoka nyumbani mpaka aliporudi, kisha akaanza kugombana na mwandishi.

"Kobe kaonewa," alisema safari moja. "Ameahidiwa maji, ametembea, amefika, wamemfungia. Halafu mwisho eti yeye ndiye aombe radhi! Kwa kosa gani?"

Mkutubi naye alichoshwa na kesi za kobe, hakatai. Lakini alijua jambo ambalo hata mumewe, mtoto wa kumzaa wa Bibi, hakulijua. Miaka mitatu iliyopita alimkuta mama mkwe wake akimuuliza mjukuu wa miaka sita ni chupa ipi ya dawa ya asubuhi na ipi ya jioni. Hapo ndipo yalipomjia mambo mengi kwa pamoja: fomu zilizojazwa na wengine, barua zilizosubiri mtu arudi kazini, na ile sentensi ya kila siku, "Hebu nisomee, miwani nimeisahau." Siku hiyo Bibi alifunga mlango wa jikoni na kumwapisha asimwambie mtu. Kisha wakaanza, wawili tu, kwenye meza ya jikoni, na vitabu vya watoto. Leo Bibi alikuwa na miaka sitini na minne na miwani ya kweli, na Jumamosi ndiyo siku pekee aliyovaa viatu vyake vya kisigino.

Basi fikiria hasira ya mkutubi siku Kwa Kifupi aliposimama na kusema, "Kwa kifupi, ndugu zangu, sisi ni watu wazima. Vitabu vya watoto tuwaachie watoto. Napendekeza viondoke kikundini. Tupige kura baada ya wiki mbili."

Vichwa vikatikisika kukubali. Tena wakaamua kwamba Bibi naye apewe kitabu cha maana, kile chenye jalada la njano, cha hatua kumi na moja za kufanikiwa. Maktaba ilikuwa na nakala moja tu, na ilikuwa imepita mikononi mwa kila mtu. Alibaki yeye tu.

Bibi alitembea mbele mpaka walipofika kwenye geti la nyumbani. "Wakiviondoa," akasema, "mimi nitakaa nyumbani tu. Sina hasira." Akaifunga miwani yake ndani ya kasha na kulibana kasha mara mbili. Mkutubi alitamani kurudi akawamwagie watu wale birika zima.

Wiki mbili zilikuwa ndefu. Kitabu cha njano kilikuwa na maandishi madogo na maneno marefu, na Bibi alikwenda nacho kwa kidole, mstari kwa mstari. Jumatano ya kwanza alikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Mkutubi alipiga hesabu, akaona maji yanamfika shingoni. Aliogopa jambo moja: kwamba watamuuliza swali, atababaika, na siri ya miaka yote ile itamwagika mbele ya watu wasiostahili hata kuijua.

"Mama, usijitese," akamwambia Ijumaa ya mwisho, wakiwa jikoni. "Wewe sema hatua ya tano imekugusa. 'Amka Kabla ya Jua.' Sema tangu uisome unaamka alfajiri."

"Mimi naamka alfajiri tangu wewe hujazaliwa."

"Basi sema hivyo hivyo. Wote wameisifia hiyo."

Bibi akamtazama juu ya miwani. "Na wewe uliisifia?"

"Nilisema ni nzuri, ndiyo."

"Uliisoma, mwanangu?"

"Mama, chai inamwagika," mkutubi akasema, akainuka kuitazama.

Jumamosi ilifika. Vikombe tisa mezani, manila ukutani, Kwa Kifupi kwenye kiti chenye mikono. Kabla ya kura, alisema, kila mmoja akumbushe kwa ufupi jinsi kitabu cha njano kilivyomsaidia, ili Bibi apate mfano.

"Mimi hatua ya tano," akaanza, "imenibadilisha. Saa kumi alfajiri niko macho. Namshukuru sana mwandishi, maana anaeleza kwa kina faida za kuamka mapema."

Kinyozi akasema hata yeye, siku hizi anafungua kibanda mapema, ingawa mtaa mzima unajua kwamba kabla ya saa nne asubuhi utamsubiri wewe na ndevu zako. Nesi akasema hatua hiyo imemgusa. Wengine wakaunga mkono. Mkutubi akaandika yote kwenye daftari la kikundi, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Debe tupu, alikuwa akisema moyoni. Madebe matupu, mstari mzima.

"Haya, Bibi," akasema Kwa Kifupi. "Hatua ya tano umeionaje?"

Mkutubi akaacha kuandika. Sema imekugusa, mama. Sema tu.

Bibi alivaa miwani, akaweka kitabu cha njano mezani, akakilaza kwa viganja vyote viwili. "Nina ombi kwanza," akasema. "Baba kinyozi, hukosi wembe mpya mfukoni. Niazime."

"Wembe wa nini, Bibi?"

"Nataka kuifungua hiyo hatua ya tano."

Akainua kitabu wote waone. Kiwandani mashine ilikuwa imeruka kukata. Karatasi zilikuwa bado zimekunjana, zimeshikana juu na pembeni kama bahasha, na ukifunua ukurasa wa thelathini na tatu, ambapo hatua ya nne inaishia, unakutana na wa arobaini, ambapo hatua ya sita inaanza. Katikati, kurasa sita zilikuwa hazijawahi kuona mwanga.

Shingo zikarefuka kukitazama.

"Labda ni nakala nyingine," akasema Kwa Kifupi.

"Nakala ni moja tu," akasema nesi, kisha akaonekana kujuta.

"Sikusudii ubaya, mwalimu," Bibi akasema, akamsogezea kitabu. "Nionyeshe tu ulisomea wapi. Mimi nimetafuta tangu Jumanne, nikadhani ni ujinga wangu."

Kwa Kifupi alikishika kitabu. Akakigeuza. Akajipapasa mfuko wa shati, kisha wa koti. "Kwa kifupi," akasema, "miwani nimeisahau."

Miwani ilikuwa kifuani pake, inaning'inia kwa kamba.

Bibi hakucheka. "Sentensi hiyo naijua," akasema polepole. "Nimeisema miaka arobaini. Nimeisema benki, nimeisema hospitali, nimemwambia mwanangu wa kumzaa. Na sikuwa na miwani hata ya kusahau. Nilikuwa sijui kusoma."

Mkutubi alitaka kumshika mkono amzuie. Bibi akaendelea.

"Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Miaka mitatu iliyopita huyu mkwe wangu alinifundisha, kwa hivyo hivyo vitabu vya watoto mnavyotaka kuviondoa. Mimi nilijificha kwa sababu sikujua. Nyinyi mnaojua, mnajifichia nini?"

Kinyozi alitoa wembe kwenye karatasi yake na kuzikata kurasa mwenyewe, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Bibi akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kusoma kwa sauti, akisimama kwenye maneno marefu, akiyarudia mpaka yakamtii:

"'Watu wengi watakuambia uamke kabla ya jua. Mimi niliamka hivyo miaka mitatu. Nilichopata ni usingizi na hasira, na mke wangu akahamia chumba cha watoto. Ndugu msomaji, kama huna shughuli alfajiri, lala.'"

Nesi ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga ya mabegani, ikashindikana. Kinyozi akafuata. Kwa Kifupi alikuwa amejaa aibu, lakini mtu aliyetunga kanuni hawezi kuikimbia. Aliitazama manila yake ukutani.

"Kura," akasema kwa sauti ya chini. "Apige aliyesoma."

Mkono mmoja ukainuka, wenye pete ya shaba na kidole chenye vumbi la karatasi. Vitabu vya watoto vibaki. Mkutubi akaandika: kura moja ya kubaki, hakuna ya kupinga. Moyo wake ulikuwa umejaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuwa na hamu ya kusonya. Sasa na waoshe vikombe, akawaza. Waoshe mpaka ving'ae.

"Na wewe, katibu?" Bibi akauliza. "Hatua hii uliisoma?"

Wote wakamgeukia. Nyani haoni kundule, na mkutubi alikuwa ameyatazama ya wenzake Jumamosi baada ya Jumamosi. Alilitazama birika. Chai ilikuwa imekwisha, hakuna cha kumwagika.

"Sikuisoma, mama," akasema. "Nilisoma ukurasa wa yaliyomo."

"Haya."

Akabeba sinia. Kwa Kifupi akamfuata, amekunja mikono ya shati, kisha kinyozi na nesi na wengine, wakabanana kwenye sinki dogo la ukumbini, mmoja akisugua, mwingine akisuuza, mwingine akifuta kikombe kilekile mara tatu kwa kukosa pa kutazama.

"Msisahau vitako vyake!" Bibi akaita kutoka ndani. Kisha wakamsikia akifungua ukurasa, na sauti yake ikaanza tena, neno kwa neno, bila haraka.

Mkutubi akafunga bomba ili asikie, maana na hatua ya sita pia alikuwa hajaisoma.