Kabla Bwana Chirwa Hajafuta Bei

Je, umewahi kuona kijiji kizima kikiacha sufuria motoni kwa sababu ya hela ya nchi ya jirani? Mimi nakwambia Lipingo ilitokea, mwaka wa tisini na nne, mvua zikiwa bado zinanyesha. Sufuria ya Kunigunda ilikuwa na maharage. Yaliungua yakashika chini, wala hakugeuka kuyatazama.

Habari ililetwa na Othmar, mwenye boti ya mashine. Alikuwa anatoka ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay, na aliruka majini kabla boti haijagusa mchanga, suruali ameikunja magotini.

"Kwacha imeanguka!" alipiga kelele. "Serikali yao imeiachia ikatafute bei yake yenyewe, nayo imeikuta shimoni!"

Wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wetu wa ziwani, walisimama na nyungo zao mikononi. Lazima uelewe furaha ile. Miaka yote kwacha ilikuwa bibi harusi na shilingi yetu ilikuwa mpishi wa jikoni. Ukitaka kwacha kidogo tu za kununulia kitenge, ulitoa shilingi rundo zima mpaka mkono unachoka. Na hata enzi hizo za ruksa, maduka ya Mbinga mjini yalipojaa vitu vya kila rangi, wengi wetu tulikwenda kutazama tu, kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa. Sasa ghafla shilingi zile zile zinabeba kwacha nyingi, na maduka ya ng'ambo bado yanauza kwa bei ya zamani!

"Bado, lakini si kwa muda mrefu," Othmar alisema. "Vitu vilivyomo dukani walivinunua zamani. Wakipata habari kutoka Mzuzu kwamba mzigo mpya umepanda bei, wanafuta bei na kuandika nyingine. Anayetaka, alfajiri naondoka."

Kunigunda aliyaacha maharage yake motoni, akasogea kusikiliza. Yeye hakuwa na shilingi. Alikuwa na kwacha.

Kaka yake Romanus alikuwa akimletea maharage kutoka kwao Litumbandyosi, naye akiyauza pale ufukweni. Wavuvi wa ng'ambo waliotua walimlipa kwa hela yao. Wenzake walizibadilisha siku hiyo hiyo. Yeye alizitunza, msimu baada ya msimu. Na sasa zilikuwa kama samaki wa jana. Akizibadilisha Lipingo, ataambulia shilingi za chumvi. Lakini akivuka nazo upesi, kabla bei hazijafutwa, zitanunua kile kile zilichokuwa zinanunua wiki iliyopita.

Na kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka kwa hela ile: baiskeli. Si ya mumewe Steven, ambayo alipakiwa nyuma kama gunia la muhogo. Baiskeli ya kike, yenye chuma kilichoinama katikati, apakie maharage mwenyewe, aende gulio la Lituhi siku anayotaka na kurudi saa anayotaka. Kuendesha alikujua tangu usichana. Alijifunzia baiskeli ya Romanus kwenye mteremko wa kanisani, akaangukia shamba la kahawa la katekista mara zisizo na idadi.

Hakuwahi kumwambia mtu. Si kwa siri, ni kwa malezi. Kwao milimani, shangazi alimfunda hivi: mbele ya mama mkwe, haja yako usiitaje. Ukiulizwa unataka nini, sema "chochote, mama". Ukiulizwa tena, sema "mtakachoona". Ukiulizwa mara ya tatu, ndipo utaje, na hapo hakuna atakayesema una tamaa.

Adabu nzuri. Ila watu wa ziwani hawaijui! Wao huuliza mara moja, basi. Hivyo tangu aolewe, Kunigunda alijibu "chochote", na chochote ndicho alichopewa. Krismasi chochote. Pasaka chochote. Sanduku lake lilikuwa limejaa vitambaa vya kichwa ambavyo hakuna aliyevipenda.

Jioni ile Steven alimuuliza, "Na wewe unavuka? Wewe unayeogopa hata maji ya beseni?"

"Navuka na mama."

"Unakwenda kununua nini?"

"Chochote."

"Haya," alisema Steven, akaendelea kuziba wavu.

Alfajiri wanawake walijaa botini. Mama Eunice, mama mkwe wake, alikaa mbele kama bendera, khanga yake imejaa mafundo. Kila jirani aliyeagiza kitu alifungiwa fundo lake, na ndani ya fundo, pamoja na hela, kulikuwa na kielelezo: kipande cha sabuni, uzi wa rangi ya kitenge, punje ya chumvi. Mama Eunice hakuhitaji karatasi. Alipapasa tu fundo akajua ni la nani.

Kunigunda alishika ubao kwa mikono miwili. Ziwa lilipoanza kuinua boti na kuishusha, alitoa rozari.

"Mama Praygod," Mama Eunice aliita, maana mtoto wa kwanza wa Kunigunda aliitwa Praygod, "hiyo rozari punguza mwendo, unamchanganya nahodha!"

"Mwache asali," alidakia jirani yao Notburga. "Watu wa milimani, maji wanayajua ya kunywa tu."

"Hata ya kunywa siku hizi nayatilia shaka," Kunigunda alijibu huku amefumba macho, na boti nzima ikaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka, na hofu ikapungua kidogo. Wakaimba nyimbo za Anglikana na za Katoliki kwa zamu mpaka milima ya ng'ambo ikaonekana.

Nkhata Bay palikuwa kama sikukuu. Boti zimebanana, watu wanapandisha kilima mbio, mabeseni vichwani. Othmar aliwabadilishia wenzake Kunigunda shilingi zao pale gatini, kisha wote wakakimbilia duka la Bwana Chirwa. Bei zilikuwa zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mrefu ukutani. Na mbele ya ubao, Mungu wangu, alisimama Bwana Chirwa mwenyewe, kitambaa kibichi mkononi.

"Karibuni, akina mama," alisema kwa Kinyanja, ambacho na Kinyasa chetu ni ndugu. "Simu imepigwa kutoka Mzuzu. Waliomo ndani watauziwa kwa bei hii ya ubaoni. Nikishafuta, nimefuta."

Mama Eunice alifungua mafundo kama mtu anayemenya karanga. "Sabuni hii, miche miwili! Kitenge cha uzi huu, hapana, hicho kimepauka, kile! Sukari!" Notburga alikumbatia blanketi tatu, akawa haonekani uso.

Lakini Kunigunda alikuwa ameganda. Pembeni, karibu na magunia, ilisimama baiskeli ya kike, nyeusi, moja tu, magurudumu bado yamezungushiwa karatasi. Bei yake ilikuwa mstari wa mwisho chini ya ubao. Aliisoma, akaisoma tena. Hela zake zilitosha.

Bwana Chirwa alifuta bei ya sukari.

"Wewe sasa, Mama Praygod," Mama Eunice alimgeukia, jasho linamtiririka. "Weka hela yako mezani upesi. Unataka nini?"

Shangazi alijibu kabla yake. "Chochote, mama," ulimi ukasema.

"Basi blanketi. Kwa baridi ya kwenu huko, mtakapokwenda kusalimia. Toa hela!"

Kunigunda alifungua kitambaa chake, na wingu la kijivu likapanda mpaka darini. Bwana Chirwa alipiga chafya mara nyingi. Kumbe alizitunza kwacha zake kwenye kibuyu, zimechanganywa na majivu, kama wanavyotunza mbegu ya maharage kwao ili isibunguliwe!

"Hela hizi mlizipika?" Bwana Chirwa aliuliza, akizifikicha noti moja moja.

"Ni nzima, baba, zipanguse tu," alisema Mama Eunice, akizipangusa kwa khanga huku anacheka mpaka machozi. "Mkwe wangu huyu! Alidhani kwacha ina wadudu!"

"Si ndiyo imeliwa?" alisema Notburga kutoka nyuma ya blanketi zake, na duka zima likacheka.

Katika kicheko kile, mchuuzi mmoja wa samaki kutoka boti nyingine alisogea kwenye magunia. Akashika usukani wa baiskeli. Akapiga kengele: ngring! "Hii nayo bei ya ubaoni?"

"Ya ubaoni," Bwana Chirwa alisema, na kitambaa chake kilikuwa kimefika mstari wa pili kutoka chini. Mama Eunice tayari alikuwa ananyoosha mkono kuchukua blanketi.

Kunigunda alingoja aulizwe mara ya pili. Hakuna aliyeuliza. Mchuuzi aliingiza mkono mfukoni.

"Hapana, mama!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na hata kitambaa cha Bwana Chirwa kilisimama kabla ya mstari wa mwisho. "Blanketi siitaki, wala chochote sikitaki. Nataka ile baiskeli. Nimeitaka tangu nilipokuja kwenu. Iwe yangu, niiendeshe mwenyewe."